Kidole cha Fundi Gurdeep

Katika Nairobi hii yote, kutoka mjini mpaka huku kwetu Waithaka, nimegombana na watu wengi na wengi wao nimewashinda. Nimemshinda mwenye nyumba. Nimemshinda kanjo, askari wa jiji, aliyetaka kubeba sukuma wiki yangu. Pasta nimemshinda mara moja na nusu. Mtu mmoja tu ndiye ambaye sikumshinda, na yeye pia hakunishinda, na ndiyo sababu nimeketi kumwandika, maana watu kama hao ni wachache na sisi wenyewe si vijana.

Anaitwa Gurdeep Singh. Ni Kalasinga wa mtaa wa Jamhuri, fundi wa gramafoni na redio za zamani. Chumba chake cha kazi kiko ghorofani, nyuma ya Biashara Street, kati ya mshonaji wa yunifomu za shule na ofisi ambayo mlango wake sijawahi kuuona umefunguliwa. Ukipanda ngazi, unasikia kazi yake kabla hujamwona: magitaa ya kizungu ya zamani, yale ya wakati vijana walivaa suruali zinazofagia barabara. Yeye mwenyewe ni mzee wa rika langu, ndevu nyeupe amezifunga vizuri kama mzigo wa kusafiri, miwani moja machoni na nyingine juu ya kilemba. Chai anaimimina kwenye kisahani ndipo anainywa. Skurubu anaziweka kwenye makopo ya mafuta ya Kimbo, na ole wako uguse kopo.

Ndugu zake wote walihama, wengine Uingereza, wengine Kanada. Yeye alibaki. Nikamwuliza kwa nini hakwenda, akaniambia kwamba alikuwa na redio ya mtu mezani, haijaisha. Nadhani alikuwa anatania, lakini kwa yule mtu huwezi kujua.

Sasa nieleze nilivyofika kwake.

Mimi na mzee wangu Zadock tumekaa pamoja tangu ujana. Ng'ombe wa mahari walitembea kwa miguu yao mpaka kwa baba yangu kule Bungoma, na hakuna aliyewauliza cheti. Lakini kanisani hatukuwahi kuoana. Halafu akaja pasta mpya, akatangaza kwamba wanaokaa bila ndoa ya kanisa hawatapewa meza ya Bwana, na akina mama wa namna hiyo hawatafunga kitambaa cha bluu cha chama cha wanawake. Mimi nikasema ng'ombe wangu wanatosha. Lakini Namalwa, mwenyekiti wetu, ana kile kitambaa, na kila Jumapili anakirekebisha kichwani akinitazama. Nikachoka kutazamwa. Nikamwambia Zadock, tunaoana. Akaniuliza, na nani.

Siku ya kikao cha matayarisho, Namalwa akauliza tutaingia kanisani na wimbo gani, maana mpiga kinanda anataka kujua. Alisema kwa sauti ya kuhurumia, kama mtu anayemwuliza mgonjwa atakula nini. Nikasimama. Nikasema tutaingia na wimbo wetu wenyewe, kutoka kwenye gramafoni yetu wenyewe, na kama hautapigwa mimi siingii. Zadock ataingia peke yake aoane na pasta. Akina mama wote walisikia. Na neno likishanitoka mimi, huwa sina pa kulirudishia.

Huo wimbo ni hivi. Zamani Zadock alikuwa fundi wa sofa kule Kinoo, kando ya barabara. Siku moja familia moja ya Jamhuri ilikuwa inahama, ikamlipa kazi yake kwa gramafoni, na ndani yake kulikuwa na santuri moja ndogo, lebo nyekundu, maandishi yamefutika. Ilikuwa haizunguki, maana mkanda wake wa mpira ulikuwa umekatika. Zadock hakusumbuka kutafuta mkanda. Alikata lastiki ya petikoti yangu, bila kuniuliza, akaifunga humo. Ikazunguka.

Akaimba mwanamume. Sauti nzito, ya polepole, ya mtu aliyekula akashiba lakini moyoni ana jambo. Gitaa nalo linalia nyuma yake bila haraka. Kiingereza sikuelewa, lakini kuelewa ni kuelewa: nilijua huyo ni mjane tajiri anayemtafuta mke wake. Nikampa jina, Bwana Mkubwa. Zadock hakumpenda. Kila nikimsifia sauti, alisema huyo ana mafua. Lakini jioni tulisukuma meza ukutani tukacheza, polepole, hatua moja na kupumua. Bega la Zadock nililijua vizuri kwa wimbo huo. Watoto wamezaliwa, wamesoma, wameondoka, Bwana Mkubwa bado anamtafuta mkewe.

Basi tukaanza mazoezi ya kuingia kanisani, pale nyumbani, kutoka jikoni mpaka sebuleni. Magoti ya Zadock si mazuri, yangu ni afadhali kidogo, lakini mwendo wa ule wimbo ulikuwa mwendo wetu kabisa. Siku ya pili ya mazoezi, lastiki ikakatika. Bwana Mkubwa akanyamaza katikati ya neno.

Nikaifunga gramafoni kwa leso, nikaibeba mjini, nikauliza-uliza mpaka nikaonyeshwa zile ngazi.

Fundi Gurdeep aliifungua kwa heshima, kama anamvua mgonjwa koti. Akachungulia. Akachukua kibanio, akaivuta ile lastiki mpaka ikatoka yote, na pembeni yake ilikuwa bado na kipande cha lesi.

"Hii ni nini, mama?"

"Ni spea," nikamwambia.

"Spea ya nini?"

"Ya hapo ilipokuwa."

Aliigeuza kwenye mwanga. Mimi nikatazama makopo ya skurubu. Hakuna mwanamke wa heshima anayesimama mjini kumweleza mzee wa watu habari za petikoti yake. Akaiweka kando, akasema anao mkanda wenyewe halisi, nirudi baada ya siku chache nitafurahi.

Nilirudi nikiwa tayari kufurahi. Kwanza akanionyesha kikaratasi cha duara chenye mistari myeusi kuzunguka ukingo. Alikiweka juu ya sahani inayozunguka, chini ya taa yake ya umeme, akaniambia nitazame. Sahani inazunguka, lakini ile mistari imesimama tuli. Akaeleza kwamba mistari ikisimama hivyo, mwendo ni sawasawa, na hakuna binadamu anayeweza kubishana nayo. Hapo alikosea, maana alikuwa hajanijua. Halafu akaweka santuri yangu, akashusha sindano.

Akaimba msichana.

Msichana mdogo, sauti kama filimbi, anakimbia na maneno kama amechelewa shule. Ngoma nyuma zinamfukuza. Wimbo uliisha kabla sijapata mahali pa kuweka mkoba.

Nikamwambia kwa upole kwamba amechanganya santuri za watu. Akanionyesha lebo: tone la vanishi la Zadock, la tangu Kinoo, liko palepale.

"Huyu msichana ni nani?" nikauliza.

"Ndiye mwimbaji, mama. Siku zote ni yeye."

"Na Bwana Mkubwa yuko wapi?"

Ilibidi nimweleze Bwana Mkubwa ni nani. Alinisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa kwenye kisahani. Akasema Bwana Mkubwa hayuko, hakuwahi kuwako. Ile takataka iliyokuwa ndani ilikuwa inachelewesha mashine, ndiyo maana msichana akawa mzee. Nikamwambia arudishe takataka yangu. Akasema ameitupa. Nikamwambia basi acheleweshe kwa namna nyingine. Akasukuma swichi ya mwendo upande wa pili, wa polepole, na hapo hakuimba msichana wala Bwana Mkubwa, aliimba fahali anayekufa. Mwendo wetu ulikuwa katikati, mahali ambapo ile mashine haikuwa na namba.

"Iharibu kidogo tu," nikamwambia. "Kama ilivyokuwa."

Fundi Gurdeep alivua miwani ya machoni akavaa ya kwenye kilemba.

"Mama, mimi nimekaa hapa tangu kijana. Kuharibu mashine ya mtu, hapana. Hata mwenyewe akitaka, hapana. Sasa iko sawa."

"Sawa ya nani?"

"Ya mistari. Si umeona imesimama?"

"Hata mimi nimesimama," nikamwambia, "na sitoki."

Sikutoka kweli. Aliendelea na kazi, mimi nikakaa kwenye kiti cha wateja. Akaja mtu kuchukua redio, akaondoka. Mshonaji wa yunifomu akachungulia kuona kama kuna msiba. Mwishowe Fundi Gurdeep akamimina chai nyingine, akanipa mimi kikombe, yeye akabaki na kisahani. Akaanza kuongea bila kunitazama. Kumbe ule wimbo aliujua. Zamani yeye na vijana wenzake walikuwa na bendi, yeye akipiga gitaa, na huo wimbo ndio waliofungia dansi kila Jumamosi. Alimwona msichana mmoja anacheza vizuri kuliko wote, akaacha gitaa jukwaani likiwa bado limewashwa, akashuka kwenda kucheza naye. Bendi ilimfukuza. Msichana alikuwa Kailash, akawa mke wake. Sasa ni marehemu.

"Hii ndiyo mwendo ya Kailash," akasema. "Mimi nikichelewesha, yeye anabaki wapi?"

Nikanywa chai.

"Pole kwa Kailash," nikamwambia. "Lakini yeye alikuwa na magoti mazuri."

Akatikisa kichwa polepole. "Mazuri sana, mama. Mazuri sana."

Nikafunga gramafoni kwa leso. Mlangoni nikageuka, nikamwambia harusi ni Jumamosi, kanisa letu la Waithaka, aje aone kwa macho yake kitu alichofanya. Hiyo haikuwa kadi ya mwaliko, ilikuwa hasira, lakini aliniuliza ni saa ngapi.

Nyumbani niliweka santuri Zadock asikie. Alisikia, akakaa kitini, akacheka mpaka nikamletea maji.

"Mama Mercy," akasema, "miaka yote hiyo mimi namwonea wivu mtoto wa shule?"

Sikuona cha kuchekesha. Nilitoa petikoti zangu zote kabatini. Lastiki moja ilikuwa ngumu, msichana akakimbia zaidi. Nyingine ilikuwa legevu, hakuna aliyeimba. Petikoti za siku hizi lastiki yake ni ya uongo, unaivuta leo kesho imekuwa uzi. Yule mkanda wa Fundi Gurdeep ulikaa pale ndani mweusi, safi, unaniangalia kama Namalwa.

Binti yetu Mercyline alikuja Ijumaa kusaidia mapishi, akanikuta na petikoti sakafuni. Akaniambia hiyo ni kitu ya dakika mbili. Akaiwekea simu ile santuri isikilize, ikautambua wimbo, akabonyeza, wimbo ukapunguza mwendo. Lakini sauti haikushuka. Alikuwa ni msichana yuleyule, sasa anaimba kama amemeza dawa ya usingizi. Bwana Mkubwa hakutoka.

"Mum, hata maneno si ya mjane," Mercyline akasema. "Anamwambia tu jamaa, harakisha twende dansi, harakisha twende dansi."

Nikamwambia azime hiyo simu. Pasta alikuwa ameukubali wimbo kwa sababu ya yule mjane niliyemweleza, na hayo ya dansi yangebaki kati yangu na Mungu.

Jumamosi ikafika. Niseme ukweli, nilipendeza. Zadock alivaa suti ya kaka yake, na ingawa mabega yalikuwa ya kaka yake, sura ilikuwa ya kwake. Gramafoni iliwekwa juu ya meza karibu na madhabahu, kipaza sauti kimeelekezwa kwake, Mercyline amesimama pembeni. Sisi tuko mlangoni. Watu wamejaa. Na kwenye benchi la nyuma kabisa nikaona kilemba cha rangi ya waridi. Alikuwa amekuja, na amevaa cha sherehe.

Pasta akatoa ishara. Mercyline akashusha sindano.

Msichana akapiga mbio. Zadock, masikini, alijaribu. Alitupa mguu mmoja, goti likagoma, akanishika mkono ili asianguke, na ule wimbo ukatupita kama pikipiki. Watoto wakacheka kwanza, halafu wakubwa. Namalwa akageuka kwenye kiti chake cha mbele, kitambaa cha bluu kimenyooka, akasema kwa sauti ya chini lakini kila mtu akasikia, "Bibi harusi, mbona unachelewa? Wimbo wako unakuacha."

Nikasimama pale kwenye kizingiti. Kiatu kimoja kilikuwa ndani, nikakirudisha nje.

"Nilisema siingii bila wimbo wangu," nikamwambia Zadock. "Huo si wimbo wangu."

"Mama Mercy, watu wanatuangalia."

"Waangalie."

Hata sasa sijui ningefanya nini. Nyuma ya neno langu hapakuwa na njia, na mbele kulikuwa na yule msichana. Zadock hakuniachia mkono. Goti lake lilikuwa linatetemeka, nililisikia kupitia mkono wake, na nilijua kwamba kama nitageuka kwenda nyumbani, atageuka na mimi bila kuuliza, na tutazeeka vilevile bila kitambaa.

Ndipo kilemba cha waridi kikainuka.

Fundi Gurdeep alitembea katikati ya kanisa bila haraka, mikono nyuma, kama mtu anayekwenda kusoma mita ya umeme. Akafika mezani. Akamsogeza Mercyline kwa adabu. Akarudisha sindano mwanzo, akakunja mkono wa shati, akaweka kidole kimoja kwenye ukingo wa santuri. Akakikandamiza, akasikiliza, akalegeza kidogo, akasikiliza tena, huku ananitazama mimi.

Na Bwana Mkubwa akaja. Kutoka chini kabisa, na mafua yake yote.

Nilinyanyua kidole gumba kumwambia hapo hapo. Akaitikia kwa kichwa. Tukaingia.

Tulitembea vile tulivyotembea jikoni mpaka sebuleni maisha yetu yote, hatua moja na kupumua. Tulipofika katikati, goti la Zadock lilitaka kupumzika, tukasimama, na Bwana Mkubwa naye akavuta neno lake, akalivuta, akatungoja. Tukaanza tena, akaendelea. Hakuna mpiga kinanda angeweza hivyo. Mama mmoja nyuma yangu, aliyekuwa akicheka, akauliza huyo mwimbaji ni nani, sauti tamu namna hiyo. Pasta alifumba macho kumhurumia yule mjane. Wimbo ulipokwisha tulikuwa mbele.

Baada ya ibada, pete ikiwa kidoleni na kitambaa kichwani, nilimtafuta nje kwenye hema la chakula. Kidole chake kilikuwa chekundu kwa kusuguliwa.

"Si ulisema wewe huharibu mashine?"

"Mashine iko sawa, mama," akasema, akakiinua. "Kilichoharibika ni kidole tu."

Nikamwambia basi naye apige wimbo wake. Alikataa mara moja tu, kwa adabu. Tukaleta gramafoni nje, akaweka kile kikaratasi cha mistari kwa mazoea ingawa hapakuwa na taa ya kukisoma, akakitoa, akashusha sindano bila kugusa kitu kingine. Msichana akakimbia. Vijana wakaruka kutoka kwenye viti. Pasta aliinua kichwa kutoka kwenye pilau, akasikiliza maneno, akanitazama kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo ile nusu niliyosema nilimshinda. Fundi Gurdeep alisimama peke yake kando ya meza, macho amefumba, miguu inapiga ardhi taratibu, halafu si taratibu.

Ndipo mtu akamshika mkono, na mtu huyo alikuwa Namalwa. Mwenyekiti wetu. Kumbe alijua zile ngoma vizuri sana, sijui alijifunza wapi, na kanisani hajawahi kusema. Kitambaa chake cha bluu kilimtoka kichwani katikati ya wimbo, na hakukirekebisha.

Wageni walipokuwa wakiaga, Fundi Gurdeep alinipa zawadi, kiboksi kidogo kilichofungwa kwa karatasi ya maua. Akaniambia nisifungue mbele za watu. Nilifungua nyumbani, Zadock akichungulia begani.

Ilikuwa ni lastiki yangu. Hakuwa ameitupa. Ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, na pale ilipokatika imeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono midogo midogo ya mtu mwenye mkono wa kazi. Hata kile kipande cha lesi kilikuwa kimenyooshwa.

Zadock aliuliza imekuwaje, na yule mzee si aliapa hatachelewesha mashine ya mtu. Nikamwambia aiache ile lastiki, asiivute. Fundi Gurdeep hajagusa mashine yoyote. Alichofanya ni kushona petikoti, na hakuna mahali popote alipoapa kwamba hatashona petikoti.